Ubao wa Matundu Mawili

Niliununua pamoja na mabati chakavu
siku walipobomoa ghala nyuma ya boma la zamani, Tukuyu,
mvua ikinyesha kama kawaida yake, bila kumuuliza mtu.
Mvule mzito. Na matundu mawili.
Nusu matundu, niseme kweli;
nusu nyingine ilikwenda na ubao mwenzake,
labda kuni, labda mlango wa mtu.
Kwenye kingo umesuguka mpaka unang'aa.

Lusajo, mwanafunzi wangu, aliulaza chini
akaweka kifundo cha mguu. Kikakaa. Akacheka.
Akaweka cha pili, nacho kikakaa,
na kicheko kikatafuta pa kutokea.

"Mama Tumpe, hiki ni nini?"

Mkatale.
Ndani ya neno hilo mimi nasikia *kata*,
ila seremala husikia *kata* kila mahali, usiniamini.
Mteja mmoja, akisubiri gundi ya kiti chake ikauke,
alinieleza kwamba gereza Mreno alilileta pwani likiwa kanisa.
Sisi tukaona kuta, mlango mmoja, mtu mwenye funguo,
tukalipa maana tuliyoiona.
Kiboko alikuwa mnyama tu, akioga zake,
mpaka walipomchuna wakampa mjeledi jina lake.
Leo mtoto ukimwambia kiboko hageuki kutazama mtoni.
Mnyororo unanishinda.
Nyororo ni jani la mgomba lililofunguka asubuhi, ni shavu la mtoto.
Nani alifua chuma akakumbuka shavu?

Babu yake mama, mzee Mwaisumbe, alilazwa mbele ya soko zima
kwa kodi ya nyumba aliyokwisha kuihama.
Hamsa ishirini, ndivyo hukumu ilivyoitwa:
Kiarabu kilichovunjika mguu, kinywani mwa askari wa mbali,
kwa amri ya Mjerumani, juu ya mgongo wa Mnyakyusa.
Watu wote hao kwa fimbo moja.
Na mke wa mwanawe alikuwepo, ndiye bibi yangu,
ambaye kwa mila zetu hakupaswa hata kukutana naye njiani.
Siku hiyo aliuona mgongo, na chini ya mgongo.

Tangu hapo mzee hakuitaja ile namba.
Mayai, ng'ombe wa mahari, miaka ya mtu:
ishirini na nne, na lingine, ishirini na sita.
Mama akarithi, nami nikarithi kwa mama.
Nilichapwa darasani kwa hesabu hiyo,
nisijue kwamba kosa ni lile lile la kodi.

Jumatatu akaja mwalimu wa nidhamu
kutoka shule binafsi, barabara ya Kyela,
viatu vyake havijui tope.
Anataka vibao. Vidogo, vipigwe msasa visichome,
tundu moja juu la kupitishia kamba,
atakayekutwa akisema Kinyakyusa akivae shingoni hadi kengele ya jioni.
"Si adhabu," akasema. "Ni ukumbusho."

Kibao. Kiswahili hakijui kuficha:
ubao mdogo ni kibao, na kofi ni kibao.

"Vingapi, mwalimu?"
"Ishirini na vitano."

Lusajo akaacha randa.
Nami nikasema mbao zimekwisha,
na huku zimepangwa mpaka darini, zinanukia msonobari,
zote zinanisikia.

"Na hizi?" Akanyoosha kidole.

"Hizo," nikamwambia, "ni ishirini na nne.
Na nyingine."

Akanitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama.
Atakwenda Kiwira, najua.
Huko mafundi wanahesabu vizuri.